Beetle, Land Rover Series au Mercedes W123: lipi la kurejesha na kukaa nalo miaka mingi

Mtu akiuliza aanze na gari lipi la zamani, majina haya matatu hayakosi kutajwa, na yanastahili. Vipuri vyake bado vinatengenezwa, vitabu vya ufundi wake vinapatikana, na nyingi huwaka bila kifaa chochote cha kompyuta. Beetle za Volkswagen zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Mexico mwaka 2003. Land Rover za Series zilianza 1948, na Series III ikafunga ukurasa mwaka 1985. W123 ilizinduliwa 1976, na hadi inaachwa katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimeundwa karibu milioni 2.7.

Ila kazi zinazompa mwenyewe hazifanani. Beetle inataka mkono wako mara kwa mara, kidogo kidogo. Land Rover inakupa kazi nzito za spana kubwa na bolti zilizoganda. W123 inaweza kukaa miezi bila kudai kitu, kisha idai jambo moja linalohitaji utulivu na zana maalumu. Hapa hatulinganishi kasi wala sura. Tunalinganisha kazi, maana ndiyo utakayoishi nayo.

Bati kwanza, injini baadaye

Injini ya gari lolote kati ya haya matatu hutolewa, hufunguliwa na kurudishwa. Bati lililooza ndilo linalowakatisha watu tamaa na kuliacha gari nusu, likiwa juu ya mawe. Kwa hiyo anza hapo.

Bodi ya Beetle imefungwa kwa bolti juu ya sakafu yenye uti wa mgongo katikati. Mabawa yote manne hufunguka kwa bolti, kwa hiyo bawa lililobonyea lisikutishe. Kinachotisha ni mifereji miwili ya joto inayopita chini ya milango. Hiyo hupeleka hewa ya moto mbele, lakini pia ndiyo nguzo ya bodi, na huoza kuanzia ndani. Kipimo chake ni rahisi: inua gari kwa jeki upande mmoja, kisha fungua na kufunga mlango wa upande huo. Ukikwama au ukiburura, mfereji umekwisha hata kama rangi inang'aa. Inua pia kiti cha nyuma uangalie sakafu chini ya betri, upande wa kulia. Tindikali hula bati pale mpaka unaona ardhi. Betri yenyewe lazima iwe na kifuniko, kwa sababu springi za kiti zikigusa vichwa vyake, kiti huwaka moto mtu akiwa amekikalia.

Kubadilisha mifereji hiyo kuna utaratibu usiovunjwa. Kabla ya kukata chochote, chomelea vyuma vya kushikilia uwazi wa milango, kimoja kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma na kingine kimshazari. Kata upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Piga punta za kushikiza, rudisha mlango kwenye bawaba zake, angalia mianya yake pande zote, ndipo uchomelee moja kwa moja. Anayeng'oa bodi juu ya sakafu bila vile vyuma huletewa bodi iliyojikunja, na hapo milango haitafunga tena sawasawa.

Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, na wengi hudhani hilo limemaliza habari ya kutu. Chasisi ni ya chuma, na ukuta wa mbele unaotenganisha injini na abiria ni wa chuma pia. Chasisi ni boksi tupu ndani, maji na tope huingia, na kuoza huanzia usikokuona. Chukua nyundo ndogo upige kila sehemu: mwamba wa nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kubeba ule ukuta, na mahali springi zinaposhikiliwa. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya gunia. Kwenye ukuta, tazama sehemu ya kukanyagia miguu na nguzo za milango. Alumini nayo haisalimiki kila mahali: inapogusana na chuma kwenye unyevu hugeuka unga mweupe. Ukiunganisha upya, paka rangi pande zote mbili, weka kizibo cha kuzuia maji katikati, na tumia washa za plastiki penye nafasi.

Faida kubwa ya Land Rover ni kwamba chasisi mpya iliyopakwa zinki inauzwa ikiwa nzima. Unahamisha kila kitu kutoka ile ya zamani kwenda mpya, kazi ya miezi lakini ya spana, si ya kuchomelea. Kwa asiyejua kuchomelea na hataki kujifunza, hilo peke yake latosha kuamua. Kumbuka tu kwamba ukilazimika kuchomelea chuma chenye zinki, lazima usage zinki yote itoke kwanza, ukae penye hewa na uvae barakoa inayofaa. Moshi wake humlaza mtu na homa usiku ule ule.

W123 ni bodi na chasisi kitu kimoja, bati juu ya bati. Sehemu za kuangalia ni mahali pa kuwekea jeki, ndani ya mabawa ya mbele nyuma ya taa, mashimo ya magurudumu ya nyuma, kisima cha tairi la akiba, na pembe za chini za kioo cha nyuma ambako maji hupenya hadi kwenye buti. Toa mazulia. Chini yake kuna blanketi zito la kuzuia sauti, nalo hunywa maji kama sponji na kuyashikilia juu ya sakafu kwa miaka. Ikiwa paa lina dirisha, mimina maji kidogo kwenye mfereji wake uone kama yanatoka chini ya gari au ndani ya gari.

Tusifichane: W123 iliyooza si kazi ya anayeanza, hata injini yake iwe inanong'ona. Matabaka ya bati ni mengi, na kulifikia la ndani inabidi ukate la nje lililo zima. Nunua yenye bodi nzuri na injini mbovu, usinunue kinyume chake.

Kwa anayechomelea mwenyewe: bati la bodi za Beetle na W123 ni jembamba, kama milimita 0.8 hadi 1, na waya wa kuchomelea wa milimita 0.6 ndio unaolifaa. Chasisi ya Land Rover ni nene zaidi na inapokea waya wa 0.8. Kwenye bati jembamba usivute mstari mrefu. Piga sentimita moja, ruka mbali, rudi kukiwa kumepoa. Mstari mrefu hupindisha paneli, na hakuna pati, ule udongo wa kujazia mabonyeo, itakayoficha mawimbi yake. Toa waya wa betri kabla ya kuanza.

Kazi moja kwa magari matatu: kupiga tapeti

Hakuna kazi inayoonyesha tabia za magari haya kama kurekebisha nafasi za vali. Zote tatu zinaihitaji, na kila moja inataka mtu wa aina yake.

Kwenye Beetle injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku kucha. Nafasi ni milimita 0.15 kwa vali zote kwenye injini nyingi. Unahitaji spana ya 13, bisibisi bapa, geji ya mabamba membamba, na spana ya 21 ya kuzungushia injini kwa nati ya puli ya dinamo. Vifuniko vya vali hushikwa na waya tu. Unausukuma chini kwa bisibisi na kifuniko kinatoka. Toa kofia ya distribyuta, zungusha mpaka rota ielekee kwenye alama ya silinda namba 1 na alama ya puli ikae kwenye mshono wa injini. Piga tapeti za silinda 1. Kisha zungusha puli nyuma, kinyume cha mwendo wake, nusu mzunguko: hiyo ni namba 2. Nusu nyingine, namba 3. Nusu nyingine, namba 4. Ukizoea, kazi yote haifiki saa moja, na wenye magari haya wengi huifanya kila kilomita 5,000 pamoja na oili.

Andika vipimo kila mara. Vali ya kutolea moshi ambayo nafasi yake inapungua kila unapopima inarefuka, na vali inayorefuka ni ile itakayokatika kichwa na kutoboa pistoni. Kwenye injini za kabla ya miundo ya 1971, mshukiwa wa kwanza ni silinda namba 3, kwa sababu kipoza oili kilikaa kwenye njia ya hewa yake na kuifanya ipate joto kuliko wenzake.

Land Rover ya lita 2.25, iwe ya petroli au dizeli, inapigwa ukiwa umesimama wima kando ya boneti. Nafasi ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa vali zote nane. Kuna hesabu ya tisa ambayo hutaisahau ukiijua: vali ikiwa imefunguka kabisa, toa namba yake kwenye tisa, na jibu ndiyo vali unayopima. Ya 8 imefunguka, unapima ya 1. Ya 3 imefunguka, unapima ya 6. Unazungusha injini kwa hendeli ya mbele, na hakuna zana maalumu hata moja.

Dizeli ya W123 ni habari nyingine. Juu ya kila vali kuna nati mbili zinazobanana, na unazilegeza kwa spana mbili nyembamba za 14 zilizopindwa mahususi kwa kazi hiyo. Spana za kawaida haziingii. Vali ya kuingiza hewa ni milimita 0.10, na ya kutolea ni 0.30 (kwa injini yenye turbo ni 0.35), injini ikiwa baridi. Ukizichanganya na kuipa ya kutolea 0.10, haitafunga vizuri ikipata moto na itaungua. Injini izungushwe kwa bolti ya krenkishafti mbele, soketi ya 27, kwa mwendo wake wa kawaida tu. Usiizungushe kwa bolti ya kemshafti, na usiirudishe nyuma. Mara ya kwanza tenga nusu siku. Thawabu yake ni kwamba inarudi baada ya kilomita 20,000 na zaidi, na gari lililokuwa zito kuwaka asubuhi huwaka kwa mguso mmoja.

Kinachoua kila moja

Beetle huuawa na joto na moto. Injini yake inabeba lita 2.5 tu za oili na haina kichujio cha karatasi, ina wavu tu chini. Oili chafu haina pa kujificha. Unaposafisha wavu, zile nati sita ndogo zinataka mkazo mdogo sana, kama Nyutoni mita 7. Mtu akizibana kwa hasira, uzi hutoka kwenye kasha la magnesi na uvujaji hauishi. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa kidole gumba ulegee kama milimita 15. Ukikatika, zima injini papo hapo, kwa sababu mkanda huo huo ndio unaozungusha feni ya kupoza. Mabati yote yanayoizunguka injini na mpira wa pembeni mwake lazima yawepo. Wengi huyatupa wakiona ni mapambo, kumbe ndiyo yanayozuia hewa ya moto ya chini isirudi kwenye feni.

Moto nao huanzia kwenye mipira ya petroli. Ile iliyosukwa nyuzi kwa nje hupasuka ndani ya nyuzi bila kuonekana, na petroli yenye ethanoli huiharakisha. Badilisha yote kwa mpira unaohimili ethanoli, funga klampu kila ncha, na chujio la petroli lisiwe chumba cha injini. Angalia pia kile kibomba cha shaba cha kuingilia kabureta. Kwenye kabureta zilizochakaa hulegea na kuchomoka, petroli ikamwagika juu ya distribyuta.

Injini ya Land Rover ni ngumu kuiua. Hutaabishwa na rejeta iliyoziba, na uvujaji wa oili ambao si kifo bali kero. Udhaifu uko nyuma yake. Hafushafti, yaani fimbo zinazozungusha magurudumu, za ekseli ya kawaida hukatika dereva akiachia klachi kwa kishindo gari likiwa limekwama. Kuitoa ni bolti sita kwenye habu, lakini kipande kilichobaki ndani ya difu lazima kivuliwe, vinginevyo kitasaga meno. Breki ya mkono imefungwa nyuma ya gia boksi na si kwenye magurudumu; sili ya pale ikivuja, viatu vya breki hulowa oili na haishiki. Mbele, zile tufe kubwa za chuma zinazogeuka na magurudumu zikiwa na vishimo vya kutu, hakuna sili itakayodumu. Badilisha tufe lenyewe kwanza.

Kwenye W123 ya dizeli, jambo la kuogopa ni pampu ya vakyumu iliyo mbele ya injini. Beringi yake ikisambaratika, golori huanguka kwenye mnyororo wa taimingi, na hapo ni vali juu ya pistoni. Pampu yenye umri usiojulikana ifunguliwe ikaguliwe. Mnyororo wenyewe hurefuka: linganisha alama ya kemshafti na digrii kwenye puli ya mbele. Digrii 2 au 3 ni za kawaida kwa injini iliyokwenda mbali. Zikipanda kila mwaka, andaa mnyororo mpya, unaoingizwa kwa kuunganishwa na mkia wa ule wa zamani na kuzungushwa polepole, watu wawili, mmoja asiachie ulegee hata kidogo.

Vakyumu hiyo hiyo ndiyo inayozima injini na kufunga milango. Ufunguo ukitolewa na injini ikaendelea kunguruma, kuna uvujaji mahali fulani, mara nyingi kwenye viungio vidogo vya mpira au kwenye mlango mmoja. Ziba tawi moja baada ya jingine mpaka injini izime. Tawi lililoiponya ndilo bovu. Kwa wakati huo, izime kwa wenzo wenye neno STOP kwenye injini. Na kama ina hita plagi (plagi za kupasha silinda joto kabla ya kuwaka) za mtindo wa kwanza, zilizounganishwa kwa mfululizo, moja ikiungua zote hufa. Usinunue zote upya kabla ya kupima.

Zana na vipuri

Beetle inaridhika na sanduku dogo la spana za milimita, pamoja na soketi moja ya 36 kwa nati za ekseli ya nyuma. Nati hizo zinataka karibu Nyutoni mita 300, sawa na mtu wa kilo 61 kuning'inia mwisho wa bomba la nusu mita. Ikiwa tundu la pini halijalingana, kaza mbele, usilegeze. Nati iliyolegea hula meno ya ngoma ya breki mpaka gurudumu linabaki limesimama huku ekseli ikizunguka. Injini hushikwa na bolti nne, ina uzito wa kama kilo 110, na hutoka chini kwa jeki ya magurudumu. Vipuri ni vingi mno, na hapo ndipo penye mtego: mabawa mapya mengi ni mepesi na hayakai vizuri. Bawa la asili lenye mbonyeo hunyooshwa likakaa mahali pake.

Land Rover ni ya inchi, tena za aina zaidi ya moja ya uzi kwenye gari lile lile. Bolti ya milimita inayoelekea kuingia inaharibu. Kabla ya kuweka redio au alteneta kwenye zile za zamani, angalia waya upi wa betri umeshikwa na bodi, kwa sababu za mapema zilitumia chanya. Beetle za mapema nazo zilikuwa za volti 6, na balbu za volti 12 hazifai humo.

W123 inapata vipuri vingi bado kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na ubora wake unaonekana. Kinachochakaa kwa umri ni mpira: diski ya propela shafti, vikalio vya injini na vya ekseli ya nyuma, bushi za mbele. Vikibadilishwa vyote kwa mara moja, gari linarudi kutembea kama lilivyokusudiwa.

Kwa zote tatu, breki zianze kabla ya kitu kingine chochote: mipira mipya, silinda za magurudumu zifunguliwe, na mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka 2 kwa sababu hunywa unyevu wa hewani. Soma tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi, ndizo zinazoonyesha lilitengenezwa lini. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari linalokaa sana liendeshwe mpaka lipate moto kamili. Kuliwasha dakika tano na kulizima hujaza ekzosi na oili maji.

Nani achukue lipi

Mwenye jioni mbili kwa wiki, nafasi ndogo na hamu ya kujifunza injini tangu mwanzo, achukue Beetle. Hakuna gari litakalomfundisha haraka kuliko hilo, ila asichukue kama anajijua ni mtu wa kuahirisha. Mwenye uwanja, winchi ya kunyanyulia na subira na bolti zilizoganda, Land Rover itamlipa, na hata ikiwa vipandevipande huwa rahisi kuelewa. Anayetaka gari la kusafiri nalo mbali na familia, na yuko tayari kusubiri mpaka apate lenye bodi safi, W123 ya dizeli ndiyo yenyewe. Za petroli zenye sindano za mafuta zikikaa bila kuendeshwa huganda ndani ya kigawanya mafuta, kwa hiyo usiifanye ya kwanza kwako.

Ukienda kukagua, mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa vuguvugu, rudi siku nyingine, kwa maana tatizo la kuwaka kwa baridi limefichwa. Beba sumaku iliyofungwa kitambaa upitishe kwenye bodi ya Beetle au W123: isiposhika, chini ya rangi kuna pati nene. Kwa Land Rover sumaku haisaidii kwenye paneli za alumini, hapo beba nyundo na tochi ulale chini ya mwamba wa nyuma. Kwenye Beetle, shika puli kubwa ya krenkishafti, ivute na uisukume kwa mikono miwili. Ukisikia inagonga, pima kwa geji ya saa; uchezaji wa kawaida ni milimita 0.07 hadi 0.13, na ukizidi 0.15 injini hiyo inafunguliwa yote.